Mawe ya Redio Juani

Tulikuwa watano uani kwetu Newala: Bibi Somoe mzaa mama, mama yangu, mdogo wake Asumini aliyekuwa anaposwa, jirani yetu Mama Saidi mwenye redio, na mimi mtoto. Jana mjukuu wangu alianika juani betri za rimoti ya tivii, nikasikia harufu ile ile ya betri za redio. Enzi zetu tuliziita mawe.

Bibi alikuwa amemkataa mposaji, Issa wa Tandahimba. "Kaleta wazee, mwenyewe hata shikamoo hajanipa!" Issa, kazini huko mbali, akaleta habari kwamba ametuma salamu redioni, na wimbo ameomba. Siku yenyewe ya salamu mawe yakawa yamekwisha nguvu. Nikayaanika yapate nguvu kwenye jamvi la makopa ya muhogo, nikafukuza kuku mpaka saa kumi, wakati wa salamu.

Redio ikakohoa, ikasema: "Issa wa Tandahimba anampa shikamoo Bibi Somoe wa Newala, na wimbo wake ni huu..." Ikazimika.

Asumini akafunika uso.

"Marahaba, baba," bibi akaiitikia redio. "Kumbe ana adabu. Mwambieni aje."

Asumini akaanza kuimba wimbo wa kwake, tukacheza mpaka makopa yakamwagika.

Kama nimekosea jina la mtu, mnisahihishe. Na anayeujua ule wimbo aniambie, maana sisi hatukuusikia.