Vidonge vya Hamida

Winfrida, afisa ustawi wa jamii wa kata moja wilayani Masasi, alikuwa hodari wa vikundi. Mpe akina mama wasiosalimiana, baada ya mikutano michache utawakuta wanataniana na kubebeana watoto. Kikundi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha wazazi wenye watoto wa kifafa. Walianza kuja wakijificha, sasa walikuja wakiimba njiani.

Mama Hamida alikuwa mmoja wao. Binti yake alikuwa akianguka tangu mdogo, na majirani hawakuthubutu kumgusa. Winfrida alizungumza na baba mtu, Rajabu, naye akakubali palepale dawa zianze. Hamida akatulia, akarudi shule.

Sasa, Winfrida ni Mmakua wa Lisekese, kazaliwa na kulelewa hapo. Alijua fika kwamba kwa mila yao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Lakini mjomba wa Hamida, Mzee Dauda, alikaa mbali, Nanganga. Akajiambia atakwenda siku nyingine. Mara kikao, mara pikipiki haina mafuta; mtu akitaka sababu haikosi.

Mzee Dauda akaja kuisikia habari sokoni, kwa watu baki. Ikamuuma sana. Akaenda kumchukua dada yake na mpwawe, na Rajabu akanyamaza, maana kwao mume habishani na shemeji juu ya mtoto. Mama Hamida alipotaka kufungasha vidonge, kaka yake alimkataza.

"Dawa za watu wasionijua ziache hapahapa."

Kifafa kikarudi kwa nguvu. Hamida alianguka kisimani akichota maji, peke yake, na walipomtoa alikuwa ameshakufa.

Kikundi kizima kilikwenda msibani. Winfrida akapiga magoti mbele ya Mzee Dauda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Mzee alikuwa akilia bila kujificha. "Mwanangu, ungekuja kwangu ningekuuliza maswali mawili matatu, basi. Ningempa dawa kwa mkono wangu mwenyewe."

Mama Hamida, aliyekuwa kaketi mkekani karibu yao, akainua uso.

"Aliyekuwa anampa ni mimi," alisema. "Wewe dada ulikwenda kumwomba mume wangu. Wewe kaka ulitaka uombwe wewe. Mimi mama yake, nani aliniuliza?"