Kuchota na Kuokota

Saa kwenye kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma, na sentensi iliyobaki ilihusu muda: tuseme hatuna much au many? Damaris, nesi wa Homa Bay aliyekuwa akifanya mtihani wa Kiingereza ili apate kazi ng'ambo, akafumba macho. Akamwona madam wao wa shule ya msingi kule Muhuru Bay, chaki nyuma ya sikio kama penseli ya seremala. Madam yule hakupenda kueleza sheria. Alinyoosha tu mkono wake mkavu. Vidole viwili vikidonoa hewa kama anayechambua maharagwe, darasa liliitikia, "Many!" Kiganja kikijikunja kama anayechota unga, liliitikia, "Much!" Aliyekosea aliulizwa kwa ile sauti ya kukwaruza, "Wewe, unaokota ama unachota?"

Siku moja Levis, ambaye mamake aliuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, akauliza, "Na omena je, madam?" Mkono ukainuka, ukadonoa, ukachota, kisha ukakwama hewani. Nje ya dirisha omena zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu hadi karibu na maji. Madam akacheka mpaka chaki ikaanguka. "Hiyo kamuulize mamako," akasema. "Akiuza anachota, lakini kunguru akiiba moja tu, anajua."

Damaris alipofumbua macho, mkono wake chini ya meza ulikuwa tayari unachota. Akabonyeza much, ingawa dakika za darasa lile angeweza kuziokota moja moja.