Kura ya Kikombe cha Kahawa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyorudi nyumbani nikicheka peke yangu garini, nikijiona nimekwisha kuwa mjumbe wa Baraza la Shura, bunge letu hapa Omani. Wewe uliyekuja kuniambia unataka kugombea, keti kidogo. Hadithi yenyewe si ndefu, na ujana ni ule ule.

Mji wetu huu wa mkoa wa Sharqiyah una koo mbili kubwa, na kila uchaguzi kila ukoo husimamisha mtu wake. Mimi nikajitokeza kuwa wa tatu. Kabila letu hapa ni nyumba chache, na sisi tuliorudi kutoka Unguja wengine walikuwa wakituita wageni, ingawa babu zetu wamezikwa hapo nyuma ya mitende. Lakini sababu nilikuwa nayo. Dada yangu alijifungua garini, njiani kwenda hospitali ya Ibra, na mtoto hakuishi. Nilitaka wanawake wapate pa kujifungulia hapa hapa mjini, na wale wenzangu wawili sikuwasikia hata mara moja wakilitaja jambo hilo.

Alikuwapo Mzee Khalfan, mkubwa wa ukoo mdogo uliokaa kando ya bonde. Akisema neno, watu wake husikia. Binti yake aliolewa katika mmoja wa zile koo kubwa, na kura za watu wake mzee alikwisha kuwaahidi wakwe wa binti huyo. Mimi nikijua hayo yote, baada ya Alasiri nikaenda kwenye sabla yake, chumba anachopokelea wanaume wageni wake, nikakuta kumejaa watu.

Huku kwetu, mgeni mwenye haja nzito hupokea kikombe cha kahawa akakiweka chini bila ya kukinywa. Mwenye nyumba ama amtimizie, ama aaibike mbele ya watu. Nikakiweka chini.

"Kunywa, ya walidi, mwanangu," akasema mzee.

"Sinywi, ami, mpaka unipe kura za watu wako."

Mzee akaitazama mikono yake. "Haja yako imetimia," akasema. "Kunywa."

Nikanywa, na wallahi niliiona tamu.

Mama nilimkuta jikoni anachoma vitumbua. Nikamsimulia kwa mbwembwe zote, nikingoja anipigie vigelegele. Akaepua chuma chake, akazima moto.

"Umemuomba, au umemkaba?"

"Mama, si ndiyo ada ya huku?"

"Ada ya mwenye dhiki, baba, si ya mwenye tamaa. Na yule binti yake leo ataambiwa nini na mavyaa yake? Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekwenda, mwenyeji kaugua."

Nikamjibu kwa ukali, Mungu anisamehe: "Na dada je? Umemsahau?"

"Dada'ako ni mwanangu kabla hajawa dada'ako," akasema, na macho yakamjaa machozi. "Mimi ndiye niliyemwosha yule mtoto. Nakitaka hicho kiti kuliko wewe. Lakini mtu aliyepata kura kwa kumfunga mzee kinywa, huko Maskati atamsemea nani?"

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Asubuhi nikarudi. Nikamwambia Mzee Khalfan mbele ya watu wale wale, "Ami, nimekuja kukurudishia neno lako. Leo nataka kahawa tu, sina haja." Nikanywa, nikakitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka. Mzee akanishika mkono, hakuuachia upesi. "Mungu aung'arishe uso wako," akasema.

Nikashindwa, mwanangu. Nikashindwa vibaya, tena vijana wa mtaani wakanicheka. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo nikaenda kumpongeza mshindi, nikamwelezea habari ya dada yangu. Yeye ndiye aliyeisemea mpaka chumba cha uzazi kikafunguliwa. Nilimshukuru sana, na wivu sikuona. Haya, niliuona kidogo.

Siku chache baada ya kura, mwanamke mmoja alibisha mlango wetu na sahani ya halwa. Alikuwa yule binti wa Mzee Khalfan. Alimbusu mama mkononi akamwambia, "Wakwe zangu walikwisha kunikusanyia nguo zangu wanirejeshe kwa baba. Mwanao ndiye aliyenibakisha nyumbani kwangu, alipomrudishia baba neno lake." Mama akamkumbatia, wakalia wote wawili. Mimi nilisimama ukumbini, nikamshukuru Mungu kwa kunipa mama wa namna ile, na mpaka leo namshukuru.

Basi nenda kagombee, mwanangu, hata ukiwa wa tatu, hata ukiwa peke yako. Omba kura ya kila mtu, lakini kila unayemwomba mwachie nafasi ya kukwambia hapana, na akikwambia, msalimie kesho yake kama jana. Mungu akupe kiti ikiwa kina kheri nawe. Na kama hakina, akujaalie mlango wowote utakaoubisha humu mjini, wenyewe wakiisikia sauti yako wafurahi.