Tanzia ya Pumzi ya Vangel

Zapryan Chakarov alitengeneza meno ya bandia kwa miaka thelathini na minane, na mpaka leo wapo watu mjini Plovdiv wanaotafunia kazi ya mikono yake bila kumjua. Alipostaafu, mikono ilipumzika lakini jicho lilikataa. Akalihamishia kwenye santuri. Kila santuri ya zamani iliyofyatuliwa upya, iwe ya kwaya ya milimani au ya bendi ya harusi, aliinunua, akaipeleka nyumbani, akaikagua chini ya taa kwa lenzi yake ileile ya meno kabla hata ya kuipiga. Akiona imepinda, anairudisha dukani. Akiona tundu halikukaa katikati, anairudisha. Akisikia mchakacho kama wa mtu anayekaanga vitunguu chumba cha pili, anairudisha vilevile, na safari hiyo anakwenda akitukana njia nzima.

"Wanalipua kazi," alikuwa akimwambia mkewe, Nedyalka. "Mimi ningempa mtu meno yaliyopinda hivi, angenitupia usoni."

"Na wewe unamtupia nani? Muuza duka tu, maskini ya Mungu. Hajafyatua hata kifungo cha shati."

Nedyalka alisema kweli, lakini kweli haikuwahi kumtuliza Zapryan. Wenye maduka wa Kapana, mtaa wa vijiduka vya santuri, walikuwa wakimwona anakata kona na santuri kwapani, mmoja anaingia chooni, mwingine anakumbuka ana simu ya kupiga. Aliyebaki mahali pake ni Krasen peke yake, kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye ndevu za kuchana, ambaye mbali na kuuza santuri alikuwa ameanza kutoa matoleo yake mwenyewe. "Karibu, mzee Zapryan," alikuwa akisema. "Nitukane mapema nikafungue maboksi." Zapryan alimpenda kwa hilo. Ndiyo maana yaliyofuata yalimchoma kuliko kawaida.

Maana ipo santuri moja iliyokuwa tofauti na nyingine zote. Mwaka 1974, kikundi cha ngoma cha kijiji chao kilirekodi nyimbo kumi na mbili katika ukumbi wa kijiji, zikatoka nakala mia tatu, basi. Aliyepiga kavali, ile filimbi ndefu ya wachungaji, alikuwa kaka yake Zapryan, Vangel. Miaka mitano baadaye lori lilimpindukia Vangel milimani akafa. Hakuacha mtoto, hakuacha barua. Aliacha santuri hiyo.

Upande wa pili unaanza na wimbo wa polepole ambao Vangel anaupiga peke yake. Kabla ya sauti ya kwanza, anavuta pumzi. Pumzi yenyewe ni ya nafasi ya kufumba na kufumbua jicho, na ndani yake kuna kifirimbi chembamba, kwa sababu pua ya Vangel ilivunjika utotoni ikaunga vibaya. Mama yao aliambiwa na Vangel mwenyewe kwamba aliteleza na baiskeli. Zapryan, aliyekuwa na miaka saba na aliyekuwepo, hakuongeza neno. Hakuongeza siku hiyo, wala msibani, wala baadaye. Lakini kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya kaka yake, aliweka santuri, akashusha sindano mwanzoni mwa upande wa pili, akasikiliza ile pumzi, akaiinua sindano kabla wimbo haujafika mbali. Nedyalka alidhani ni huzuni tu.

Basi Krasen akaja na wazo la kuitoa upya. Akamwomba Zapryan nakala yake, "ya kupigia picha jalada tu, mzee, kanda yenyewe ninayo." Zapryan alishangaa kidogo kusikia kuna kanda, lakini furaha humfanya mtu bubu. Akaitoa. Ilirudi baada ya miezi miwili ikiwa na mkwaruzo mrefu upande wa pili, kuanzia ukingoni hadi katikati ya wimbo wa kwanza, ukipita juu ya ile pumzi kama jembe. Sindano ilikuwa ikifika pale inaruka.

"Ilikuwepo hiyo, mzee," Krasen aliapa. "Nilidhani unaijua."

Unaijua! Mtu aliyekagua santuri hiyo kwa lenzi kila mwaka kwa karibu nusu karne! Lakini Zapryan alimeza, akajipa moyo kwamba toleo jipya linakuja, na toleo jipya lingemrudishia kaka yake mzima, safi, katika nakala mia tano.

Lilikuja mwezi wa tatu. Juu ya jalada kuna kibandiko cha dhahabu: KUTOKA KANDA ASILIA. Zapryan aliweka upande wa kwanza, kwa kuwa mazuri hayaharakishwi. Wimbo wa tatu, pale ngoma zinapochanganya, akasikia tik, tik, tik. Akakaa wima. Milio mitatu hiyo anaijua kama sauti ya mlango wake. Binti yao, alipokuwa na miaka minne, aliruka kutoka kwenye kochi, sindano ikaruka naye, na tangu hapo nakala yao ikawa na milio mitatu mahali hapohapo. Nakala yao peke yake, hapa duniani.

"Nedyalka! Njoo usikie kanda asilia!"

Nedyalka alikuja na mikono ya unga, akasikiliza, akacheka bila furaha. "Huyo ni Rada wetu anaruka kwenye kochi."

"Walitupiga mchana kweupe. Waliiazima kwa picha, wakainakili, wakaikwaruza, wakaniambia ilikuwepo." Aligeuza upande wa pili. Sindano ikashuka. Kimya. Kimya kizuri, kisafi, kama cha chumba cha maiti, halafu ghafla kavali, bila pumzi, kana kwamba anayepiga hana mapafu. Waliiacha ile milio mitatu na kuifuta pumzi.

Alifika dukani bila kufunga vifungo vya koti.

"Iko wapi?"

"Nini, mzee?"

"Usiniite mzee kama unanipaka mafuta. Pumzi ya Vangel. Mwanzo wa upande wa pili."

Krasen alikuna ndevu. "Aa, pale. Tulisafisha. Kompyuta ilionyesha ni kelele."

"Kelele ni wewe! Na kanda asilia unayo wapi? Kanda hiyo ilirekodiwa juu yake hotuba ya mkurugenzi wa ushirika wa tumbaku kabla hujazaliwa, kijiji kizima kinajua!"

"Ni lugha ya biashara tu, mzee Zapryan. Wote wanaandika hivyo."

"Nipe basi ulichonakili kabla ya kusafisha."

Hapo Krasen alitazama chini, na Zapryan akajua kabla hajajibiwa. "Nilifuta. Diski ilikuwa imejaa."

Zapryan alitoka bila kutukana, na hiyo ndiyo dalili mbaya kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kibanda cha karibu na hospitali kinachochapa tanzia, zile karatasi za picha na maandishi meusi ambazo kila mlango wa mji una yake, za waliokufa jana na za waliokufa miaka kumi iliyopita. Dada wa kibandani hakuinua uso.

"Pole na msiba. Kwa msalaba au bila?"

"Bila. Na andika ninavyokwambia, usinirekebishe."

Jioni hiyo milango, nguzo na vituo vya basi vilikuwa na picha ya Vangel kutoka jalada la santuri, kijana wa miaka ishirini na sita na kavali begani, na chini yake: *Kwa majonzi na hasira tunatangaza kifo cha pumzi ya Vangel Chakarov, iliyoishi mwanzoni mwa upande wa pili tangu 1974, ikauawa mwaka huu na Krasen wa duka la santuri, kwa jina la usafi. Maziko Jumamosi saa tano asubuhi, mbele ya duka lake. Mfiwa: ndugu mmoja.*

Lakini nani anasoma tanzia neno kwa neno? Mtu hutazama picha, ukoo na saa, anapiga hesabu kama ataweza kwenda, anaendelea na safari yake. Na Vangel alifanana na mdogo wake mno. Kesho yake simu ilianza kulia kabla ya kahawa.

"Nedyalka mpenzi, jamani, alikuwa mtu mzuri," alilia jirani wa zamani. "Meno yangu ya juu ni yake!"

"Hajafa!" Nedyalka alipiga kelele. "Yuko hapa anakula mtindi! Mimi ndiye nitakayekufa!" Akakata simu, akamgeukia mumewe. "Umeridhika? Wameniuliza kama nimechemsha ngano ya msiba."

"Wangesoma mpaka chini."

"Na wewe ungekuwa unalia kama watu wengine, usingehitaji karatasi!"

Zapryan alisukuma bakuli la mtindi. Alikuwa na hasira bado, lakini ilikuwa imeanza kumuuma mahali pengine, pale asipopenda kuguswa.

Jumamosi watu kama arobaini walijaa mbele ya duka, wamevaa nyeusi, na maua mawilimawili au mannemanne mkononi, idadi ya shufwa, kama inavyompasa maiti. Walipomwona Zapryan amesimama kwa miguu yake, wengine walimkumbatia, wengine walikasirika kwa nauli yao. Krasen alitoka amekunja uso.

"Umenichafua mji mzima, mzee. Mama yangu kaisoma mlangoni kwake!"

"Vizuri. Amwambie mwanawe."

"Ni sekunde moja! Sekunde moja ya kelele, unaniita muuaji?"

Kabla Zapryan hajamrukia, bibi mmoja alijipenyeza katikati yao, mfupi, kitambaa cheusi kichwani, maua mawili mekundu na mfuko wa sokoni. Ni Gyurga, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi kilekile, amekuja na basi la alfajiri kutoka kijijini. Tanzia ilimfikia huko kwa mkono wa dereva wa basi, na yeye peke yake ndiye aliyeisoma mpaka chini.

"Mnabweka nini?" alisema. Akatoa kwenye mfuko santuri ikiwa ndani ya foronya. "Walitugawia kila mmoja ya kwake. Hii haijawahi kupigwa."

"Haijawahi kupigwa miaka yote hii?" Krasen alitoa macho, mkono wake ukaenda wenyewe.

"Ulitaka niipigie wapi? Sijawahi kuwa na gramafoni. Na ondoa mkono. Wewe ndiye muuaji wa kwenye karatasi?"

Krasen akarudisha mkono wake.

Zapryan aliipokea, wakaingia dukani kadiri walivyotosha. Akatoa lenzi yake. Mifereji ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo. Tundu lilikuwa limekwenda upande, vibaya kabisa, kuliko matoleo yote aliyowahi kuyarudisha. Aliliona, akanyamaza. Akaiweka mwenyewe kwenye gramafoni ya duka, upande wa pili, akashusha sindano.

Mchakacho mwepesi. Kisha pumzi, ikiingia kwa nguvu, na ndani yake kile kifirimbi. Kisha kavali.

Gyurga alijishika mdomo. Krasen alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Hicho kifirimbi," alisema polepole, "nilijua ni kasoro ya ufyatuaji."

"Ni pua," Zapryan alisema. "Niliivunja mimi. Tuligombania baiskeli nikamsukuma. Akamwambia mama ameteleza, na mimi nikamwachia aseme."

Nedyalka, aliyekuja pamoja naye, mkewe kwa miaka arobaini na mmoja, hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alimtazama, kisha akaanza kuwapokea watu maua yao, waliokuwa hawajui wayaweke wapi, na kuyapanga kaunta nzima pembeni ya gramafoni.

Krasen alinyoosha mkono ainue sindano.

"Acha," Zapryan alisema. "Kwanza amalize. Halafu uirudishe mwanzo, na safari hii unakili kila kitu."