Fundi Shukuru Alivyoyanywa Maji ya Bahari

Nitasema mwenyewe, maana Garsen hii watu wamelisema jambo hili mpaka limeota mkia.

Fundi Shukuru ni Mkongo wa Uvira, kule ziwani. Alikuja hapa miaka minane kabla ya korona na cherehani moja ya miguu, akapanga kibanda ubavuni mwa kibanda changu cha chai. Mtu mpole mpaka anakera! Vibali vyake vya ugeni vilikaa mfukoni ndani ya nailoni, na askari akimtazama tu, keshavitoa kabla hajaulizwa. Nikamwambia, wewe baba, hata mbuzi wa kununua huzoea zizi. Akacheka. Akamwoa Tamar, binti wa marehemu kaka yangu, wakapendana hadi nikaona haya kuwatazama.

Ilipoingia korona, mwaka wa elfu mbili na ishirini, Shukuru alishona barakoa kutwa kucha. Na wale wale waliozinunua wakaanza kukizunguka kibanda chake kwa mbali. Maradhi yameletwa na wageni, ndivyo walivyosema. Niliwatukana, mimi Loise sina dogo, lakini moyoni niliogopa. Macho ya watu yalikuwa yamebadilika.

Tamar alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza ziliharibika. Hii ya tatu ilimvimbisha miguu na uso, kichwa kikamgonga, macho yakaona vimulimuli. Muuguzi alisema wazi kwamba asipofika hospitali tutawapoteza wote wawili. Tamar akakataa katakata. Alikuwa amesikia kwamba ukiingia unafungiwa na wagonjwa wa korona, na ukitoka umezungushiwa plastiki.

"Mama akija kunishika mkono nitakwenda," akasema. "Bila Mama, nitafia hapa hapa."

Mama yake, wifi yangu Josephine, anauza samaki wakavu huko baharini, kijiji sitakitaja. Simu yake ilikuwa haishiki siku ya tatu. Basi mimi na Shukuru tukaondoka alfajiri kafyu ilipoisha, bodaboda hadi Ozi, kisha mtumbwi.

Njiani nilimfunda. Hakuwa amemwona mkwewe hata siku moja. Posa walipeleka wazee.

"Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni wala hatajwi jina," nikamwambia. "Ukilitaja jina lake umemvua nguo. Wewe nyamaza, mimi nitasema."

"Ndiyo, Shangazi." Na Shukuru akipewa neno hulishika.

Tulishuka mchangani saa tano. Alisimama kama aliyepigwa. "Shangazi, kwetu ng'ambo unaona Burundi. Hii haina ng'ambo?" Nikacheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu wiki mbili. Nikatangulia kuitafuta njia ya kijijini. Nyuma yangu mtu wa ziwa akafanya wafanyavyo watu wa ziwa: akashusha barakoa, akachota kwa viganja viwili, akanywa kwa kiu yote ya safari.

Mungu wangu, kile kikohozi! Alikohoa, akatapika, akaanguka magoti, macho mekundu. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu wakasimama.

"Mgeni ana korona!"

Wakaja na makasia, wakamzunguka kwa mbali. Kijiji kizima kilitoka. Shukuru akatoa vibali vyake, hakuna aliyethubutu kuvipokea. Kiswahili chake cha Kongo kikamaliza mambo.

"Umekuja kwa nani hapa?" wakamuuliza.

Akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa analishika neno langu. Akanitazama.

Nilikuwa nimesimama hatua thelathini hivi, kati ya wanawake. Mmoja akanigeukia. "Mmekuja pamoja?" Nikayaona yale makasia. Nikatuona sote wawili tumefungiwa siku kumi na nne, na Tamar anakufa.

"Simjui," nikasema.

Haya, nihukumuni. Nilijiambia mmoja akifungiwa, mwingine atafikisha ujumbe. Mwanamume mzima hafi kwa usiku mmoja, nitamrudia kesho. Wakamsukuma kwa ncha za makasia mpaka ghala moja la mabati nyuma ya minazi. Hakuniita. Sikufuata kuona, nilikimbilia kwa wifi, nikakuta hayupo, nikamngoja barazani.

Alikuja anahema. "Wifi! Umefikaje siku mbaya hii? Kuna mgeni katuletea maradhi, ndiyo tumehangaika naye."

Nilitaka kusema. Lakini angeujua ukweli angebaki kumtetea, nao wangemfungia pamoja naye. Nikamwambia habari za Tamar tu. Hakuchukua hata nguo ya kubadilisha.

"Na huyo mkwe wangu?" akaniuliza mtumbwini.

"Yuko kazini," nikasema. Uongo ukizaa hauzai mmoja.

Tulifika Garsen saa kumi na mbili jioni, saa moja kabla ya kafyu. Gari la jirani yetu Mohamed lilikuwa mlangoni, injini inanguruma. Tamar alipomwona mama yake alilia kwa furaha, akampa mkono, akainuka.

"Shukuru yuko wapi?" akauliza.

Uongo haukuja tena. Nikasema yote: maji ya chumvi, makasia, ghala, na lile "simjui".

Wifi hakunitukana. Alishika pindo la leso yake, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na ufunguo.

"Ghala ni langu," akasema. "Nilifunga kwa mkono wangu. Hakuna ufunguo mwingine."

Mabati yale, jua lile, na tumbo limejaa chumvi. Nani angevunja mlango wa mwenye korona, ampe maji?

Tamar akautoa mkono wake katika mkono wa mama yake, akaketi kizingitini.

"Kamfungulieni kwanza. Mimi sishikwi mkono na nyinyi."

Tulimbembeleza, tukamvuta, akang'ang'ania mwimo wa mlango. Mohamed alipiga honi mpaka majirani wakatoka. Kifafa cha mimba kilimkamata pale pale mlangoni. Tulimbeba garini, akakata roho kabla hatujafika hospitali, na mtoto tumboni.

Alfajiri kafyu ilipoisha niliupeleka ule ufunguo peke yangu. Shukuru alikuwa hai, ameegemea bati, midomo imepasuka. Nilimpa maji, akayasukuma kando kwanza.

"Shangazi," akasema, "mama amefika? Tamar amekubali kwenda?"