Salama ya Ami Abdulghani

Mwalimu Mwanarehema aliijua adabu ya kwao Likoni kabla hajajua kusoma. Mtu ukimwuliza habari, jibu ni salama, hata kama paa lake limeng'oka jana. Unangoja kidogo, unauliza za nyumbani, unauliza za watoto, ndipo inapokuja "ila", na habari yenyewe imo humo ndani ya ila. Asiyejua kungoja hupewa salama yake akaenda zake.

Alifundisha usalama wa ndege katika chuo kimoja huko Changamwe, na mwaka huu alipewa kumsimamia Dama, msichana mpole wa Mjambere. Utafiti wake ulihusu utambuzi wa hali: mtu anayefanya kazi kando ya ndege, je, anajua kila wakati kilicho mbele yake, kilicho nyuma yake, na kinachokuja? Dama alitaka kuwahoji wapakiaji mizigo uwanjani. Chini ya kila swali aliacha nafasi tupu.

"Hii ya nini?" Mwanarehema akauliza.

"Ya kungojea, mwalimu. Wazee wetu hawasemi mara moja."

Mwanarehema akacheka. Akamwambia huu ni utafiti, si baraza ya kahawa. Majibu yanatakiwa yahesabike, na tarehe ya kuwasilisha imekaribia. Akazifuta nafasi zote kwa mkono wake mwenyewe. Usomi nao una ulevi wake, humlewesha mtu akasahau alikozaliwa.

Dama akaenda uwanjani. Miongoni mwa aliowahoji alikuwamo Abdulghani, ami yake Mwanarehema, aliyemlea tangu babake alipofariki. Ami alijibu kama wenzake: naona vizuri, nasikia vizuri, kilicho nyuma yangu nakijua. Dama akarudi uso umemsawijika.

"Mwalimu, hakuna hata mmoja mwenye neno. Mimi naogopa."

"Jibu ni jibu, Dama. Usiwatie watu maneno kinywani."

Ripoti ikapita. Kampuni iliyowaajiri wapakiaji ilipopata nakala ilifurahi kupita kiasi. Kama watu wake wote wana macho mbele na nyuma, ya nini kuweka wengine wasimame tu wakiwatazamia trekta za mizigo? Waangalizi hao wakaondolewa. Haukupita muda, trekta moja ikirudi nyuma ilimgonga Abdulghani ubavu wa kushoto, ikamponda mguu. Hospitali wakaukata juu ya goti.

Ami alipotolewa wodini, Mwanarehema alivuka feri kwenda kwake, mtaa wa Shika Adabu, na chupa ya uji mkononi. Ami alilazwa sebuleni, shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu juzi?"

"Salama, alhamdulillahi."

Safari hii akangoja. Akauliza za usingizi, akauliza za dawa, akamimina uji. Ami akageuza uso ukutani.

"Salama, ila jito hili la kushoto lina ukungu tangu Ramadhani iliyopita. Trekta sikuiona, mwanangu. Wallahi sikuiona."

"Kwa nini hukumwambia Dama, ami?"

"Yule mtoto ana adabu, aliniamkia vizuri. Nalimwambia salama, kisha nikamngoja aulize tena." Akapangusa jicho. "Akafungua ukurasa mwingine."

Mwanarehema akalia mpaka uji ukapoa. Alitamani ami amtukane, amfukuze, amwambie kuwa yeye ndiye aliyemkata mguu. Mzee akamshika mkono akamwambia anyamaze, yote ni ya Mungu. Huruma ile ilimuuma kuliko laana. Aliona wazi kwamba hakuna neno lolote la kurekebisha jambo hili, si leo wala kesho. Majuto ni mjukuu, na wake amekuja hana hata pa kukaa.

Jumatatu alirudi chuoni. Ukutani palikuwa pamebandikwa tangazo la kumpongeza kwa kusimamia utafiti bora wa mwaka. Mwalimu mwenzake, Elkana, akakutana naye ukumbini, kafurahi, kabeba vitabu.

"Hongera, mwalimu! Habari za nyumbani?"

"Salama," Mwanarehema akajibu, akasimama.

Elkana alikuwa ameshampita, anafungua mlango wa darasa.