Kalunguyeye Aliyeamka Januari

Majira yale ya baridi mama yangu alikuja Brussels kutoka Lubumbashi kunitembelea. Nilikuwa na fleti ya chini huko Etterbeek, yenye kiua kidogo nyuma ambako niliwawekea ndege mbegu za alizeti na bakuli la maji. Kila asubuhi nilitoka kuvunja barafu bakulini, na mama akanitazama dirishani akitikisa kichwa.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini nikakuta kiua kimefagiliwa hadi ukutani. Lundo la majani makavu nililoliacha pembeni kwa makusudi halikuwepo. Mama alikuwa ameyajaza kwenye mifuko minne.

"Sasa njo inafanana na kiwanja ya bantu," aliniambia kwa fahari.

Kwetu, uwanja wa watu hufagiliwa; usiofagiliwa ni aibu.

Kesho yake tulikuwa tumeshavaa kwenda kanisani Matonge, mtaa wa Wakongo hapo Brussels, nilipoona kitu cha mviringo kikiyumbayumba juu ya theluji. Kunguru wawili walikuwa wakikidonoa. Nilikimbia nje na viatu vyangu vya kisigino.

Alikuwa kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira. Huyu hakujikunja. Alilala ubavu tu. Ulaya wanyama hawa husinzia chini ya majani miezi yote ya baridi. Akionekana mchana, ujue yuko hatarini. Nilimfunga skafu yangu nikamwingiza jikoni.

"Utoshe ile kintu mu nyumba!" mama alipaza sauti. "Iko na magonjwa!"

"Mama, alikuwa amelala kwenye yale majani."

Maneno yalinitoka kwa ukali zaidi kuliko nilivyotaka.

"Mi sikuona kintu," akasema. "Nilifagia tu."

Nilipiga simu kwenye kituo kinachotibu wanyama wa porini. Nikiwa bado nasubiri, niligeuka nikamwona mama amepiga magoti, anamsogezea yule mnyama sahani ya maziwa ya uvuguvugu. Papo hapo sauti ya mwanamke ikaniambia sikioni: msimpe maziwa, yanaweza kumuua. Nilimpokonya mama sahani. Maziwa yakamwagikia kitenge chake cha kanisani.

Tulitazamana.

"Bon," akasema hatimaye. "Uniambie basi, tufanye nini?"

Nilimrudia maagizo ya yule mwanamke wa simu: chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, sanduku la kina, na tumpeleke upesi. Mama alikuwa mkunga kwa miaka mingi, na mikono yake iliijua kazi hiyo kuliko yangu. Aliijaribu chupa kwenye kifundo cha mkono wake, akaongeza taulo ya pili.

Kwenye tramu alikataa kunipa sanduku. Alilipakata ndani ya koti, abiria wakitukodolea macho.

"Anapumua?" nilimwuliza kila tuliposimama.

"Iko anapumua. Kidogo."

Mara ya nne hakunijibu. Aliinamia sanduku, midomo yake ikichezacheza. Sikuthubutu kuuliza tena.

Kituoni, mwanamke wa zamu alimpima kwenye mizani, akakunja uso. Mwepesi mno, alisema. Huenda njaa ndiyo iliyomwamsha, huenda alisumbuliwa. Hakuweza kujua.

"Ni mimi niliyemsumbua," mama alimwambia kwa Kifaransa, kwa sauti kavu. "Nilifagia alipolala."

Mwanamke aliandika kitu kwenye fomu bila kuinua macho. Akatuahidi kutupigia.

Jumatatu simu haikulia. Mama hakutaka kula. Ilipolia Jumanne mchana alikuwa jikoni akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, na mchi ukasimama hewani.

"Amekula," nilimwambia. "Watakaa naye mpaka joto lirudi."

Alifungua bomba akanawa mikono kwa muda mrefu, akiwa amenipa mgongo.

"Na we," akasema bila kugeuka, "siku ingine usiniongeleshe vile."

"Nisamehe, mama."

Alifunga bomba, akaniambia nimletee chumvi.